Mgongo wa Upanga

Kila chenye makali kina mgongo. Watu husifu makali, kwa kuwa ndiyo yakatayo. Mgongo husahauliwa, ingawa ndio uchukuao pigo. Kisu butu hunolewa kikakata, lakini kisu kilichovunjika mgongo hakina dawa ila kurudi motoni. Nimefanya kazi ya chuma tangu ujana wangu, na sehemu kubwa ya maarifa yangu imo katika hukumu hii moja: makali yawe magumu, mgongo uwe laini. Nimewafundisha vijana hukumu hiyo kwa miaka mingi, na nimeitetea kama mtu ateteavyo haki yake. Katika insha hii nataka kusimulia jinsi upanga mmoja wa Kijapani, uliofuliwa katika karne ya 14, ulivyonionyesha mgongo mgumu, na jinsi ugumu ule ulivyonilazimisha kusema jambo nililolificha kwa miaka 22.

Yafaa kwanza nieleze matiko ni nini, maana si kila msomaji amesimama mbele ya fuawe. Feleji ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo. Ikitiwa motoni mpaka ikawa nyekundu, kisha ikaachwa ipoe polepole, huwa laini. Hupindika, hukubali tupa, hustahimili nyundo. Lakini ikitoswa majini ingali nyekundu, kaboni iliyomo hukosa nafasi ya kujitenga, ikanaswa ndani ya chembe za chuma, na chembe hizo hugeuka umbo zikawa kitu ambacho wataalamu hukiita martensaiti. Hapo feleji huwa ngumu kama kioo, na kama kioo huvunjika. Ndiyo sababu mhunzi mwenye busara hakitii chombo kizima matiko. Shoka hutiwa matiko makalini. Tindo la kukatia chuma hutiwa nchani, kisha hupashwa moto kidogo ili ugumu wake ulegee. Kichwa chake, kipigwacho nyundo, huachwa laini. Kichwa laini hupondeka kikachanua kama uyoga, na fundi hana budi kukisaga mara kwa mara. Lakini taabu hiyo ni ndogo mbele ya hatari ya kichwa kigumu. Kichwa kigumu kikikutana na nyundo ngumu, hakuna kati yao anayekubali kuinama. Na pasipo mwenye kuinama, lazima mmoja ameguke.

Mwaka 1994 nilikuwa kijana wa miaka 22, nikifanya kazi katika karakana moja ya mji wa pwani. Jina la karakana halina faida hapa, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Nilikuwa na mwenzangu aliyenipita umri kwa miaka minne, nami nilimwita kaka. Hatukuzaliwa pamoja, lakini ndiye aliyenipokea siku ya kwanza nilipoingia karakanani sijui hata kushika koleo. Alikuwa hodari wa nyundo. Hakukitazama kichwa cha tindo alipopiga. Macho yake yalikaa nchani, ilipo kazi, na nyundo ilijua njia yake. Wazee wa karakana walisema kwamba mkono wake una macho.

Jioni ya Ijumaa moja aliniomba nimfanyie upya tindo lake lililokuwa butu, maana kazi ya kukata riveti za bamba kuukuu ilikuwa haijaisha. Nilikuwa na haraka. Nilitaka kuwahi gari la kwenda kwetu. Badala ya kupasha ncha peke yake, nililipasha tindo lote, nikalitumbukiza majini zima zima, wala sikulirudisha motoni kulilegeza. Nilipolitoa nililiona limekuwa na rangi moja ya kijivu toka nchani hata kichwani. Nilijua, msomaji, nilijua wakati ule ule, kwamba kichwa kimepata matiko. Nikajiambia moyoni: ni riveti chache tu. Nikampa.

Alipiga mara tatu au nne. Kisha pigo moja halikulia kama yale mengine. Lililia kama kikombe kinachopasuka. Kipande kidogo, kisichozidi punje ya mtama, kiliruka kutoka kichwa cha tindo kikamwingia katika jicho la kulia. Jicho lile halikupona.

Msimamizi alifanya uchunguzi wa maneno mawili. Aliokota tindo, akatazama mahali palipomeguka, pembeni mwa kichwa, akasema: "Amepiga upande." Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nikanyamaza. Usiku ule, karakana ilipokuwa tupu, nililichukua lile tindo nikalitia motoni, nikalizika katika majivu lipoe polepole, hata kichwa chake kikawa laini kama inavyopasa. Asubuhi, mtu yeyote aliyetaka kulijaribu kwa tupa angaliliona halina lawama. Shahidi wangu wa pekee nilimwua kwa mikono yangu, na kwa ufundi ule ule niliofundishwa na yeye niliyemdhuru.

Kaka yule hakurudi kwenye nyundo. Alipewa kazi ya ghala, baadaye akaiacha, akafungua duka dogo la misumari na bawaba. Kila mtu alisema ni kwa sababu ya jicho, nami nikasema vivyo hivyo. Miaka ikapita, nikawa mwalimu katika chuo cha ufundi. Wanafunzi wangu walinipa jina la utani, wakaniita Mwalimu Mgongo, kwa jinsi nilivyokuwa mkali juu ya jambo hili. Mwanafunzi aliyetia matiko chombo kizima alinijua kwa sauti yangu kabla hajaniona uso. Walidhani ni bidii ya kazi. Hawakujua kwamba nilikuwa nikimkemea kijana mmoja tu, naye hakuwamo darasani.

Mwishoni mwa mwaka 2015 nilipelekwa Japani kwa mafunzo ya miezi sita, pamoja na walimu wengine wa ufundi, katika kisiwa cha Kyushu. Tulifundishwa majiko ya umeme, vipimo vya ugumu na darubini za kutazamia chembe za chuma. Lakini mtu wa kazi ya chuma hawezi kukaa Japani asisikie habari za panga, nami nilizisikia kwa shauku, kwa sababu nilikuta kwamba hukumu yangu ya mgongo laini ilifikishwa huko kwenye upeo wake.

Wahunzi wa huko hufua upanga kwa feleji iitwayo tamahagane. Feleji hiyo hutolewa katika mchanga wa chuma uliochomwa kwa makaa ya miti ndani ya tanuri la udongo liitwalo tatara. Kazi huchukua siku tatu mchana na usiku, na mwisho wake tanuri lenyewe huvunjwa ili bonge la chuma litoke. Baada ya vita vya mwaka 1945 ufundi huu ulikaribia kutoweka; mwaka 1977 chama cha kuhifadhi panga za kale kiliwasha tena tanuri la namna hiyo huko Okuizumo, katika mkoa wa Shimane, ili wahunzi wasikose feleji. Mhunzi huichagua feleji yake kipande kwa kipande, huipasha moto, huifua, huikunja juu ya nafsi yake na kuifua tena, mara kumi na zaidi, mpaka uchafu utoke na kaboni ienee sawasawa.

Ikiisha kazi ya nyundo huja kazi ya matiko, nayo ndiyo ipimayo moyo wa fundi. Huchanganya udongo, unga wa makaa na unga wa mawe ya kunolea, akaupaka mchanganyiko huo juu ya upanga: mgongoni mnene, makalini mwembamba. Kisha hufunga madirisha, au hungoja usiku, kwa kuwa rangi ya moto haisemi kweli penye jua. Upanga hufika joto la digrii 750 hivi au 800. Fundi hana kipimo ila jicho lake. Akiridhika na rangi, huutosa majini. Makali, yenye udongo mwembamba, hupoa mara moja yakawa martensaiti. Mgongo, uliovikwa vazi nene, hupoa taratibu ukabaki laini. Katika pumzi ile moja chuma kimoja hupata tabia mbili.

Tena hutokea jambo ambalo nilipoliona sikuacha kulistaajabia. Upanga huingia majini umenyooka. Kwanza makali hunywea kwa baridi, na upanga huinama kwa mbele kama mtu aombaye radhi. Kisha martensaiti, ambayo huchukua nafasi kubwa kuliko feleji laini, huvimba makalini, na upanga hujikunja kwa nyuma ukapata tao lake mashuhuri. Sehemu ya tao lile, basi, haikufanywa kwa nyundo. Imetokana na ugomvi wa makali na mgongo, na pale walipopatana ndipo upanga ulipopata umbo. Ugomvi ukizidi, makali hupasuka, na kazi yote ya nyuma hupotea.

Mpaka kati ya ngumu na laini huonekana kwa macho baada ya kunolewa. Ni mstari mweupe kama ukungu wa asubuhi, uitwao hamoni. Fundi mmoja huufanya ulionyooka, mwingine huufanya wa mawimbi, mwingine kama maua yaliyokaribiana. Wajuzi huusoma mstari huo kama sisi tusomavyo mwandiko wa mtu. Hayo yote yalinifurahisha. Niliona kwamba taifa zima limekubali neno langu.

Lakini kila sheria ina waasi wake. Mwalimu mmoja wa Kijapani aliniambia kwamba ziko panga ambazo matiko hayakubaki makalini. Yalipanda mgongoni, yakatulia pale kwa mabaka meupe, mengine mafupi, mengine marefu. Wajapani huyaita muneyaki, yaani matiko ya mgongo. Na ziko panga ambazo mabaka hayo hutapakaa bapa zima, toka makali hata mgongo, na namna hiyo huitwa hitatsura. Wahunzi waliojulikana kwayo ni Hiromitsu na Akihiro, wa nchi ya Sagami, na Hasebe Kunishige, aliyefanya kazi katika mji wa Kyoto. Wote ni watu wa karne ya 14, wakati Japani ilipogawanyika kwa vita vya makao mawili ya kifalme. Nilisema kwamba hao walikosea. Mwalimu yule alicheka kwa adabu, akaniambia kwamba kazi moja ya Kunishige imo katika makumbusho ya jiji la Fukuoka, nayo ni hazina ya taifa. Niende nikaiambie kwamba imekosea.

Nilikwenda Januari ya mwaka 2016, siku ya baridi yenye upepo wa bahari. Nilidhani nitakuta wazee wachache. Nilikuta safu ndefu ya watu, na wengi walikuwa wasichana; nikaambiwa kwamba upo mchezo wa kompyuta, uliotolewa mwaka 2015, ambamo panga mashuhuri zimefanywa kuwa vijana wa kiume, na huu niliokuja kuutazama ni mmojawapo. Tulisogea polepole. Kila aliyefika mbele ya kioo aliinama kidogo, akaegemea kushoto, akaegemea kulia, kama mtu atafutaye kitu kilichodondoka. Walikuwa wakitafuta mwanga, maana matiko hayaonekani ila taa iteleze juu ya bapa kwa namna yake.

Upanga huo huitwa Heshikiri Hasebe, na jina lake lina habari ya kuhuzunisha. Husimuliwa kwamba Oda Nobunaga, mtawala mwenye nguvu aliyefariki mwaka 1582, alimkasirikia mtumishi wake mmoja wa chai. Mtumishi alikimbia akajificha chini ya kabati la vyombo. Pale hapakuwa na nafasi ya kuinua upanga. Nobunaga akauweka makali juu ya kabati akausukuma tu, nao ukapita kabati na mtu. Heshikiri maana yake ni kukata kwa kukandamiza. Baadaye upanga ukaingia katika nyumba ya Kuroda, mabwana wa Fukuoka. Urefu wake ni sentimita 64.8, baada ya kufupishwa. Zamani ulikuwa mrefu zaidi, ukakatwa kwa upande wa msuka, na saini ya aliyeufua, ambayo huchongwa msukani, haipo tena.

Zamu yangu ilipofika niliinama kama wengine. Kwanza sikuona kitu ila chuma safi. Nikaegemea kushoto, na mara mabaka yakatokea, kama nyota zitokeavyo mtu akizoea giza. Yalianza makalini, yakaruka katikati ya bapa, yakafika mgongoni, na pale mgongoni yalifuatana, jeupe, pengo, jeupe, pengo, hata karibu na ncha. Kwa hakika ulikuwa uzuri mkubwa. Lakini mimi sikuuona uzuri kwanza. Niliona rangi ya kijivu toka nchani hata kichwani, nikasikia kikombe kikipasuka. Nikakasirika, nikasema kwa Kiswahili mbele ya watu wasionielewa: "Huyu naye ametosa zima zima!"

Nilipotoka katika safu nilikaa juu ya benchi, na mzee mmoja aliyekuwa akiwaeleza wageni habari za panga akanikaribia, labda kwa sababu uso wangu haukufanana na nyuso zilizofurahi. Mkalimani wetu alitusaidia. Nilimwambia mzee kwamba mimi ni mfua chuma, na kwamba mgongo mgumu huvunjika. Akaitikia. Akasema kwamba mgongo wote ukipata matiko upanga huwa kioo, ndiyo. Lakini haya ni mabaka, si ukuta. Kati ya baka na baka iko feleji laini, nayo ndiyo ishikayo. Akaniambia tena kwamba katika panga za kale huonekana makovu mgongoni, mahali ambapo upanga wa adui ulizuiwa. Mgongo laini ulikubali jeraha usivunjike. Na wanoaji, ambao huweza kuondoa kutu na mikwaruzo, huliacha kovu la namna hiyo mahali pake, kwa kuwa si aibu ya upanga bali ni ushahidi wake.

Nikamwuliza lililokuwa likinisumbua: mtu atajuaje kama matiko ya mgongo ni ufundi au ni bahati mbaya? Maana najua udongo unaweza kupasuka kwa moto ukadondoka, na pale palipobaki uchi pakapata matiko bila fundi kutaka. Mzee alifikiri. Akasema kwamba udongo ukidondoka, baka huwa moja, mahali pasipo maana, upande mmoja wa bapa. Lakini fundi akikusudia, mabaka hufuatana, na upande huu hujibu upande ule. Tena wako waliotosa upanga bila udongo makusudi, wakautawala moto kwa jicho peke yake. Kisha akaongeza neno ambalo mkalimani aliomba alirudie, ili alifasiri vema. Alisema: "Lakini hata iwe bahati mbaya, fundi aliutoa majini akautazama. Kama hakuuridhia, angaliweza kuurudisha motoni, akauondolea matiko, akaanza upya. Hakufanya hivyo. Aliuacha uonekane. Basi ni kazi yake."

Nilimwuliza kama wajuzi huweza kuutambua upanga uliorudishwa motoni. Akasema kwamba ziko panga nyingi za kale zilizoungua katika nyumba zilizoteketea, zikapoteza matiko yao, na watu wakazitia matiko mapya. Kwa mtazamaji wa kawaida ni nzima. Kwa mjuzi zina kitu kisichokaa sawa, na thamani yake hushuka. Sikuuliza tena. Nilimshukuru, nikatoka nje penye upepo.

Yule mhunzi wa Kyoto alikuwa ameuacha mgongo wake mgumu mbele ya macho ya watu kwa zaidi ya miaka 600, kila mtu auhukumu apendavyo. Mimi wangu niliulegeza usiku mmoja katika majivu. Siku ile niliona kwamba hasira yangu ya miaka yote juu ya migongo migumu haikuwa hasira juu ya kosa. Kosa ni la kila fundi. Hakuna mkono uliofua chuma usiokosea. Hasira yangu ilikuwa juu ya yale majivu.

Nilirudi nyumbani, na mwezi wa Aprili nikaenda dukani kwa kaka. Nilimkuta nyuma ya mizani yake, akipima misumari. Nikamwamkia, "Shikamoo, kaka." Akaitikia, "Marahaba, mdogo wangu. Umerudi na meno ya Kijapani?" Tukacheka. Nikamsimulia habari za upanga, naye akasikiliza kwa furaha ya fundi, akaniuliza juu ya udongo na rangi ya moto. Nilipofika kwenye matiko ya mgongo sauti yangu ilibadilika, naye akaacha kupima.

Nikamwambia. Sikutumia maneno mengi, kwa kuwa maneno mengi ni udongo mwingine.

Akauliza, "Kichwa kilikuwa kigumu?"

"Kilikuwa kigumu."

"Ulijua?"

"Nilijua kabla sijakupa."

Alikaa kimya muda mrefu. Nilingoja alitaje jicho. Hakulitaja. Aliuinua mkono wake wa kulia akautazama kama kitu cha mtu mwingine alichoazimwa. Akasema, "Jicho moja latosha kupiga tindo. Sikuacha nyundo kwa ajili ya jicho. Niliambiwa nimepiga upande, nikaamini. Mkono huu sikuuamini tena. Miaka 22 nimeuchukia, na haukufanya neno." Kisha akasema kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko matusi: "Nenda kwako, mdogo wangu. Leo nenda kwako."

Naam, nilikuwa nimehesabu vibaya. Miaka yote nilidhani kwamba deni langu ni jicho, deni lisilolipika, na kwa kuwa halilipiki nilijiona nina udhuru wa kunyamaza. Kumbe jicho lilikuwa ajali iliyotokana na haraka yangu, na mkono ulikuwa wizi. Jicho nisingaliweza kumrudishia. Mkono ningaliweza kumrudishia siku yoyote, kwa sentensi moja, nami sikufanya hivyo. Kimya changu hakikulificha kosa tu. Kilimpa yeye alichukue.

Siku ya nne mwanawe alikuja nyumbani kwangu akasema, "Baba anakuita, na amesema uje na tindo." Nilikesha usiku ule nikilifanya. Nilipasha ncha, nikaitosa, nikailegeza mpaka rangi ya zambarau ikaikaribia, nikaacha kichwa kama kilivyo. Asubuhi nilimpa. Nyuma ya duka alikuwa ameweka kipande cha bamba juu ya reli kuukuu, na nyundo ambayo mpini wake ulikuwa mpya. Hakulipokea tindo kwa imani. Alichukua tupa akaipitisha kichwani, tupa ikala. Akaipitisha nchani, tupa ikateleza. Akatikisa kichwa mara moja. Akavaa miwani ya kukinga macho, akapiga.

Pigo la kwanza lilikwenda pembeni, na vidole vyake vikaumia. La pili lilikuwa la woga. La tatu lililia sauti niliyoijua, nene na fupi, sauti ya kichwa kinachokubali pigo. Alipiga mpaka bamba likakatika, jasho likimtoka, naye hakukitazama kichwa cha tindo tena. Hakusema kwamba amenisamehe, wala mimi sikumwuliza. Aliniambia tu kwamba ncha ni nzuri.

Sikuacha kufundisha kwamba mgongo uwe laini. Tindo si upanga wa hazina, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza si Hasebe Kunishige. Lakini nimeongeza sharti moja. Upanga ule wa Fukuoka ulipofupishwa saini ilipotea. Hata hivyo mjuzi wa ukoo wa Hon'ami aliutazama, akaona namna ya matiko yake, akamtambua aliyeufua, na jina la Hasebe Kunishige likaandikwa msukani kwa dhahabu. Kazi ilimtaja mtendaji, na iliyomtaja ni yale matiko yaliyotapakaa hata mgongoni, ambayo mimi niliyaita kosa. Sisi mafundi wadogo hatuna wajuzi wa kutusoma miaka 200 baada ya kufa kwetu, basi yatupasa kujitaja wenyewe. Kila mwanafunzi wangu hupiga herufi ya jina lake ubavuni mwa tindo alilolitia matiko, kabla halijatoka mkononi mwake. Likivunjika, lisimtafute mwingine.

La kwanza lenye herufi liko katika duka la misumari, nyuma ya mizani, na herufi yake ni yangu. Kichwa chake kimekwisha chanua kama uyoga. Kaka hukisaga mwenyewe.